Mjusi Katika Kabati la Kukhu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Mercyline alitoka barazani na kitambaa chenye maji akaanza kupangusa kabati la vioo. Binti yake, Naswa, alimshikia beseni. Kabati lenyewe halikuwa na kitu ndani. Lilikuwa la marehemu Kukhu, maana hivyo ndivyo Wabukusu wanavyomwita bibi, na humo ndimo alimopanga samaki wa kukaanga aliowauza kando ya barabara pale Nyalenda miaka nenda miaka rudi.

Loo, hizo zilikuwa siku! Naswa alikumbuka samaki aina ya ngege waliokolea rangi, malimau yaliyokatwa, na sauti ya Kukhu ikiita, "Njooni, bado ni moto!" Jua lilipopanda, Kukhu alilisogeza kabati lipigwe na miale. "Vioo hivi ni jiko langu la pili," alisema akicheka. Tangu azikwe, hakuna aliyethubutu kuligusa kabati ila kwa kitambaa.

Ijumaa moja, Mwalimu Ruqayya, mlezi wa chama cha mazingira shuleni, aliingia darasani na ndoo iliyofunikwa. Ndani mlikuwa na mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa. Watu walikuwa wamempiga mawe wakamuumiza mguu. Wanafunzi walimwita Jaduong' papo hapo, yaani mzee kwa Kijaluo, kwa sababu alitikisa kichwa juu chini kama mzee anayeunga mkono kila hoja mkutanoni.

"Watu wa wanyamapori wameturuhusu kumtunza mpaka mguu upone, kisha tutamrudisha kwenye miamba yake," Mwalimu alisema. "Nani ana nyumba ya kumfaa?"

"Mimi, Mwalimu! Nina kabati la vioo. Hata ikulu halipo!"

Darasa zima lilicheka. "Na mama yako amekubali?" Mwalimu aliuliza.

"Amekubali," Naswa alijibu haraka. Hakuwa amemwuliza, wala hakukusudia kumwuliza, kwa kuwa alijua jibu ambalo angepewa.

Kesho yake Mercyline alipangusa vioo kama kawaida, akaenda soko la Kibuye kuuza mitumba. Mgongo wake ulipotoweka tu, Naswa alimtoa Jaduong' kwenye ndoo aliyokuwa ameileta kutoka shuleni na kuificha, akamtia kabatini pamoja na jiwe na majani, akafunga mlango kabisa asitoroke. Alipendeza kweli kweli! Naswa akachukua mtungi kwenda kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu, na maneno ya foleni ni matamu.

Aliporudi, jua lilikuwa limelivaa kabati zima. Jaduong' alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, rangi imempauka. Hakutikisa kichwa. Naswa alifungua mlango, joto likampiga usoni, na ndani ya joto lile mlikuwa na harufu ya samaki wa Kukhu. Hapo akakumbuka: jiko langu la pili.

"Woi! Nimemkaanga!"

Alimlaza kivulini chini ya meza, akamdondoshea maji kwa kidole. Mjusi hakusogea. Mara akasikia lango likilia. Mama amerudi mapema. Naswa angeweza kufunga kabati na kunyamaza, na mama asingejua lolote. Lakini aliyejua kumwokoa Jaduong' ni Mwalimu peke yake, na simu ilikuwa mkobani mwa mama.

"Mama, nimekosa," alisema, akaeleza yote, hata uwongo wa Ijumaa.

"Mjusi? Kwenye kabati la Kukhu?" Mercyline aliutua mzigo wa mitumba.

"Utanichapa baadaye, mama. Kwanza mpigie Mwalimu simu. Tafadhali, atakufa!"

Mercyline alimtazama binti yake, akamtazama mjusi, akatoa simu.

Mwalimu Ruqayya alifika akihema. Wakati huo Jaduong' alikuwa amefunga mdomo na kufumbua jicho moja. "Atapona," Mwalimu alisema, na Naswa akaangua kilio. "Mjusi hupenda jua, Naswa, lakini lazima awe na mahali pa kulikimbia. Kioo kinanasa joto. Anataka wavu wa kupitisha hewa, jiwe la kuota jua upande huu, kivuli na pango upande ule, maji, na komeo imara paka asimfikie. Nawe unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika."

"Nitamtafutia boksi lingine," Naswa alisema.

Mama yake aliingia ndani, akatoka na bisibisi. Alipapasa fremu ya kabati kwa muda, kisha akaanza kulegeza kioo cha kwanza.

"Mama! Kabati la Kukhu!"

"Kukhu hakupangusa vioo vitupu hata siku moja," Mercyline alisema, machozi yakimtoka. "Kabati hili lilikuwa na kazi. Mimi ndiye niliyeligeuza kaburi."

Wakapigilia wavu wa chuma pande tatu, wakalisogeza nusu kivulini. Walipomaliza, Mercyline alimketisha binti yake. "Kumpenda mnyama si kumpa nyumba inayokupendeza wewe. Uliza kwanza yeye anaishije. Na ungeniuliza mimi kabla ya kumdanganya Mwalimu, Jaduong' asingekaribia kufa leo. Wiki hii vyombo vyote ni vyako."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi iliyofuata, Mercyline hakutoka barazani na kitambaa. Alitoka na panzi wachache kwenye kopo. Aliinama mbele ya kabati, akaita kwa sauti ambayo Naswa hakuwa ameisikia tangu mazishi.

"Njooni, bado ni moto!"

Jaduong' alichungulia kutoka pangoni, akatikisa kichwa juu chini.