Micro ya Watoto Waliopotea

Mtoto yule hakugeuka hata mara moja kutazama farasi. Hilo ndilo lililomshangaza Lydie kwanza. Kila mtoto aliyeletwa kwenye kibanda chake, hata kama alikuwa analia namna gani, alilia huku shingo imegeukia manège, ambako farasi wa mbao walizunguka kwa muziki wa zamani, wengine bila masikio, wote wamepakwa rangi upya kwa ajili ya Pasaka. Huyu alisimama mlangoni peke yake, msichana wa miaka minne hivi, mikono imening'inia, akimtazama Lydie mdomoni.

Lydie alikuwa amesomea ualimu, lakini mshahara wa walimu ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo siku za sikukuu alishika micro, kipaza sauti cha matangazo, katika Parc Neema. Parc ilikuwa kwenye moja ya zile rasi za Bukavu zinazoingia ziwani. Mfanyabiashara mmoja aliijenga enzi za Zaïre: manège, bembea, gari-moshi dogo la watoto, gati la vimashua vya kukanyaga kwa miguu. Vita vya mwaka tisini na sita viliifunga. Askari walilala ndani ya gari-moshi na wakafanya viti vya bembea kuwa kuni. Sasa ulikuwa mwaka tisini na tisa, mji uko mikononi mwa waasi wa rébellion, na wakubwa wapya walitaka watu waonekane wanacheka. Parc ikafunguliwa kwa siku kuu tu: Pasaka, trente juin siku ya uhuru, na Noël, yaani Krismasi. Watu walishuka kutoka Kadutu na Bagira wamevaa nguo zao za kanisani, wakala maandazi ya beignets, wakapiga picha, na kwa mchana mmoja hakuna aliyeuliza barabara gani imefungwa.

Penye watu wengi hivyo watoto hupotea. Lydie aliwauliza jina, akaliita kwenye micro, mama akaja mbio. Aliipenda kazi hiyo. Ilikuwa huzuni inayoisha kwa dakika chache.

Msichana alisema anaitwa Bintu na anatafuta maman yake. Alipokaribia, Lydie akasikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, akadhani ni mkaa wa wachoma mishikaki. Akaita jina.

Aliyekuja alikuwa Agathe, muuza beignets wa pale getini, ambaye Lydie hakuwahi kumwona na mtoto. Alikuwa ameacha beseni lake wazi. Hakulia wala hakumgombeza mtoto. Alipiga magoti, akanusa shingo ya yule msichana kwa muda mrefu, akamshika mkono, na wote wawili wakaondoka polepole kuelekea gati. Lydie alitabasamu akaendelea na matangazo.

Kesho yake mume wa Agathe, Philémon, alikuja kumuuliza mke wake alikokwenda. Lydie akamweleza habari ya Bintu. Philémon alikaa chini kwenye jiwe. Alisema Bintu wao alipotea mwezi wa kumi, mwaka ule wa vita, watu walipokuwa wanakimbilia Walungu. Risasi zililia, mkono ukachomoka katika mkono, na hawakumwona tena. Angekuwa na miaka saba sasa. Lydie alisema huyu alikuwa na minne. Na minne ndiyo aliyokuwa nayo Bintu siku ile ya kukimbia.

Mlinzi wa vimashua alikuwa amemwona Agathe akishuka ngazi za gati, anaongea na mtu kwa sauti ya chini. Hakumwona akipanda.

Trente juin alikuja mvulana, Cédric. Lydie alikuwa ameshalitamka jina harufu ilipomfikia, majivu mabichi, kama jiko lililozimwa kwa haraka na watu wanaotaka kukimbia. Baba alikuwa ameshafika, mwalimu mmoja aliyeitwa Ignace, mwembamba, amevaa koti la suti. Alimfungulia mtoto mikono. Lydie alitupa micro akawafuata, lakini watu walikuwa wamejaa mbele ya jukwaa la ngoma, akasukuma, akasukumwa, na alipofika gati aliona tu mgongo wa lile koti likiingia majini, bila haraka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kando yake hapakuwa na mtoto. Maji yalimfunika na nyuma muziki wa manège ukaendelea.

Alimwambia mkurugenzi, Stanislas. Stanislas alifunga mlango wa bureau kabla ya kujibu, na akajibu kwa kunong'ona.

"Batu banajitupa mu ziwa tangu vita ilianza, Lydie. Haikuanzia kwetu."

Akamweleza kwamba wakubwa wa mji wameagiza Noël iwe kubwa kuliko zote, na kwamba mtu atakayesema Parc ina majini atasemekana anaharibu amani, na yeye Lydie anajua watu wa namna hiyo hupelekwa wapi. Lydie alifikiria kuacha kazi. Lakini akiacha, Stanislas angeweka micro mikononi mwa mtu mwingine asiyejua lolote, na huyo angeita kila jina atakaloletewa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Stanislas. Lydie aliishi na dada yake mkubwa, Eulalie. Katika mkimbio uleule wa Walungu, Eulalie alimpoteza mtoto wake wa pekee, Gloire, wa miaka mitano. Tangu hapo mlango wa nyumba yao haukufungwa kwa komeo, hata siku ambazo askari walikuwa wanaingia majumbani kupora, kwa sababu Eulalie alisema mtoto akirudi hataweza kusukuma mlango mzito.

Padri alimwombea Lydie na kumpa maji ya baraka. Jirani mmoja akamtuma Nyantende, nje ya mji, kwa mwanamke aitwaye Marie-Louise, mtu wa rozari kila asubuhi, ambaye watu walimwendea wakiwa wamekanyagwa na vitu vya majini. Lydie alimkuta anapalilia maharage. Marie-Louise hakuacha kulima. Alisikiliza habari yote akiwa ameinama.

"Ile jini ya maji haina uso yake," alisema mwishowe. "Inavaa uso ya ule mwenye alipotea. Vita iliilisha sana, mito ilijaa batu. Sasa iko na njaa. Lakini haiwezi kuita mutu yenyewe. Kinywa yako njo mulango."

Lydie aliuliza afanye nini.

"Utaikatalia ku macho. Utasema: sikujui. Ikikataliwa ku macho haitarudia tena pale pahali."

"Na kama itakuja na uso ya mutu mwenye ninapenda?"

Hapo Marie-Louise aliacha jembe. Alitazama mikono yake iliyojaa udongo.

"Njo vile itakuja," alisema. "Miye nilipoteza batoto yangu babili. Miye singeweza. Sitakudanganya."

Siku ya Noël mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ya Bukavu isiyomzuia mtu kutoka. Walikuwa wamefunga taa za rangi kwenye miti na Père Noël mmoja, ndevu za pamba zimelowa, aligawa bonbons juu ya gari-moshi. Groupe, jenereta ya umeme, ilinguruma nyuma ya jiko. Kwaya ya paroisse ya Eulalie ilialikwa kuimba, na Lydie, akiwa ndani ya kibanda chake, alimwona dada yake karibu na manège, amevaa pagne ya kwaya, anawapanga watoto wa wenzake kwenye mstari. Lydie aliwasha micro ili aitangaze kwaya.

Harufu ilikuja kabla ya mtoto.

Ilipanda kutoka sakafuni, ikaingia chini ya meza, na Lydie alijua kabla ya kugeuka, alijua kama mtu anavyojua hatua za mtu wa nyumbani mwake, na bado aligeuka polepole sana, macho yameanzia chini, kwenye vile vidole vya miguu, akapanda magotini, kwenye lile kovu la kuanguka jikoni, akapanda kwenye ile shati ya bluu ambayo yeye mwenyewe aliishonea kifungo kimoja kisichofanana na vingine, mpaka akafika usoni, na uso ulikuwa wa Gloire, wa miaka mitano, bila kukua hata kidogo, ukimtazama mdomoni.

"Tantine," mtoto alisema. "Ita maman."

Lydie alimtazama kichwani kisha miguuni. Aliona kwamba nywele za mtoto zilikuwa kavu wakati nje kunanyesha, na kwamba chini yake maji yalikuwa yanatambaa yakitafuta miguu ya meza.

"Maman iko pale. Niko namuona. Juu ya nini hauite?"

"Sikujui," Lydie alisema.

"Unanijua. Njo weye ulikuwa unaninyoa."

Ni kweli alikuwa anamnyoa, kila Jumamosi, uani, kichwa kile kidogo kimewekwa kati ya magoti yake, na sasa magoti yenyewe yalikumbuka uzito ule, na alishika meza kwa mikono miwili ili asimkumbatie, kwa maana alitaka kumkumbatia zaidi ya alivyotaka kuishi, na alijua kwamba kama mkono wake ungegusa lile bega, basi jina lingetoka lenyewe, na Eulalie, hatua chache tu kutoka pale, angekuja mbio na furaha yake yote hadi kwenye gati.

"Sikujui," alisema tena, kwa nguvu, machozi yanaingia mdomoni. "Sikujui. Weye hauko Gloire. Toka hapa."

Mtoto hakukasirika. Alimtazama kwa muda, mara ya kwanza si mdomoni bali machoni, na uso wake ukaanza kulegea kama uso wa mtu anayesinzia, mashavu, midomo, paji, mpaka pasiwe na kitu cha kutazama. Kisha mlangoni palikuwa na mvua tu.

Hapo ndipo Lydie alipogundua kuwa muziki wa manège ulikuwa umesimama. Nje palikuwa kimya. Kitufe cha micro kilikuwa bado kinawaka kwa rangi nyekundu. Parc nzima, kuanzia getini hadi gati, ilikuwa imesikia. Si sauti ya mtoto, ambayo hakuna baffle, zile spika za Parc, iliyoitoa, bali sauti yake yeye, ikilia na kusema weye hauko Gloire, toka hapa.

Eulalie aliingia amelowa. Aliangalia nyuma ya mlango, akainama akaangalia chini ya meza, akapitisha mkono kwenye yale maji ya sakafuni na kuunusa. Lydie alianza kumweleza, Agathe, Ignace, Marie-Louise, yote kwa mkupuo. Alimwambia kwamba yeye Eulalie ndiye angekufa.

Eulalie alisubiri amalize.

"Alikuwa na viatu?" aliuliza.

Lydie hakuelewa.

"Siku ile tulikimbia, hakuwa amevaa viatu. Minauliza kama alikuwa na viatu."

"Hapana, yaya," Lydie alimjibu dada yake.

Eulalie alitikisa kichwa taratibu. "Mutoto alitembea mpaka hapa bila viatu," alisema, "na weye ukamufukuza." Akatoka. Jioni ile alichukua vitu vyake akahamia kwa mama mmoja wa kwaya. Lydie alipompelekea chakula, chakula kilirudishwa.

Neno la Marie-Louise lilikuwa la kweli. Kitu kile hakikurudi kibandani tena. Lakini habari ilikuwa imeshatoka Parc siku ile ya Noël, ikapanda vilima vya mji, ikafika Kabare, Mumosho, hadi Luhwindja kwenye machimbo, na njiani ilibadilika. Watu walisimulia kwamba kuna mahali kando ya ziwa ambapo watoto wa vita wanarudi, na kwamba kinachohitajika ni mtu wa kuita jina tu.

Pasaka iliyofuata walikuja. Lydie aliwaona kupitia dirisha la kibanda, akadhani ni wanachama wa chama fulani cha kanisa, kwa sababu walikuwa wanawake peke yao, wakubwa kwa wadogo, na hawakuwa na mtoto hata mmoja. Walikuwa wamelipa kiingilio. Hawakununua beignet, hawakutazama farasi. Walikuja wakasimama mbele ya baffles, mstari nyuma ya mstari, pagne safi, wengine wameshika sweta ndogo, mmoja ana chupa ya maziwa. Eulalie alikuwa mbele kabisa, na mkononi ana viatu vipya vya mtoto wa miaka mitano.

Hawakupiga kelele. Walisubiri kutwa nzima, mvua ilipokuja wakabaki. Wageni wenye watoto walianza kuogopa na kuondoka, na mgeni rasmi aliyetumwa na wakubwa aliuliza wale ni nani. Stanislas alimjia Lydie mbio. Alimwagiza atoe tangazo ili watu hao waende kwao, na akamwambia maneno ya kusema.

Lydie aliwasha micro. Nyuso zote zikainuka kwa pamoja kumtazama mdomoni.

"Wazazi wapendwa," alisema. "Leo hakuna mutoto mwenye alipotea."

Hakuna aliyeondoka.