Ufa wa Ubao wa Tatu

Nyumba ya jirani ilikuwa tupu tangu Jumatatu. Siku ya Jumatano, saa nane ya mchana, Nsimire akiwa anafua nepi, mutoto akakohoa nyuma ya ukuta.

Akamutazama Gisubizo wake. Huyu hapa, mdomo umejaa uji, hakukohoa.

Ukuta wenyewe ni mbao tu juu ya mawe ya volkano, kama nyumba zote za mtaa ule, na ubao wa tatu ulikuwa na ufa. Nsimire aliujua ufa ule vizuri, na hapo ndipo aibu yake. Alikuwa anaandikia redio moja ya mtaa wa Himbi hadithi, moja kila Jumamosi, na tangu azae, kichwa kilikauka, karatasi nyeupe, mukubwa wa kipindi anapiga simu: "Mama Gisubizo, unatuletea nini?" Basi akategea ufa sikio. Mara ya kwanza haikuwa kusudi. Mara ya pili alibeba kiti.

Upande wa pili, kabla ya kuhama, Nyirakamana, aliyekimbia vita kutoka Kiwanja, alikuwa anaongea peke yake kila mchana, polepole, kama mutu anayebembeleza. Watu wote walijua mutoto wake mukubwa, wa miaka mitatu, alikufa na homa njiani. Ufa ulisema mengine. Alimuacha angali muzima, chini ya mikaratusi, amemufunika na kitenge cha manjano chenye samaki, maana mugongo haukuweza kubeba watoto wawili. "Lala, Niyibizi," alikuwa anasema. "Mama anakuja. Bado kidogo."

Nsimire alibadilisha majina. Kitenge alikiacha, kilikuwa kinapendezesha hadithi. Jumamosi redio ikasoma, na kwenye robine ya maji wanawake wakamugeukia Nyirakamana wote, kwa sababu mutoto wake mudogo alikuwa amefungwa mugongoni na kipande kilichobaki cha kitenge kile kile. Jumatatu akahama bila kuaga mutu, hata Nsimire aliyezoea kumuomba chumvi.

Na sasa kikohozi. Halafu harufu ya majani ya mikaratusi yaliyolowa, na maziwa yaliyochacha. Halafu kucha, chini kabisa ya ubao, zikikwaruza pale ambapo mutoto wa miaka mitatu angefika, na Nsimire akaanza Salamu Maria, akakosea, akaanza tena, akamukumbatia Gisubizo akitaka kutoka, na sauti ndogo ikaanza kusema upande ule, haikulia, ilisimulia, hadithi ile ya redio, neno kwa neno kama Nsimire alivyoiandika, mpaka pale mama anaposimama na kuondoka bila kugeuka, hapo ikanyamaza, ikavuta pumzi, ikarudi mwanzo.

"Maji ya baraka nitayamwaga bure," alisema Mama Bulonza wa chumba cha maombi, kesho yake, Nsimire alipomuendea. "Hiyo kitu uliiita na kalamu yako. Enda uombe musamaha, na kinywa chako, muchana, watu wakisikia."

Nsimire akamukuta Nyirakamana sokoni, anauza sombe, majani ya muhogo. Akapiga magoti kwenye mawe, Gisubizo mugongoni, wanunuzi wanatazama.

"Mama, ni mie. Nilikuwa nasikiliza kwa ufa."

"Nilijua. Kiti chako kinapiga kelele kama mbuzi."

Mutu mumoja akacheka. Nsimire akainamisha uso.

"Niyibizi yuko kwa ukuta, Mama. Anisamehe. Na wewe unisamehe."

Nyirakamana alipanga mafungu yake, la kwanza, la pili.

"Mie nimekusamehe, mutoto wangu. Lakini siku zote nilikuwa namudanganya kama nakuja, naye ananiamini, analala. Hakujua kama nilimuacha. Wewe ndiye ulimuambia."

Mugongoni Gisubizo, ambaye hakuwa bado anajua kusema hata "mama", akajiinua taratibu, akaweka kidevu chake baridi kwenye bega la Nsimire, akamuangalia Nyirakamana.

"Mama," akasema, "ulisema bado kidogo."