Aliyetupokonya Zabuni Ndiye Aliyesimama Kutusemea Siku ya Posa Yangu

Nina umri wa miaka ishirini na saba, nimesoma sayansi ya mazingira chuo kikuu hapa Flemingsberg, pembezoni mwa Stockholm, Uswidi, na tangu utotoni nasemwa kwamba nauliza maswali mengi mno. Wasomaji wenzangu, yaliyonipata yamenifundisha kwamba kuuliza peke yake hakutoshi...

Baba yangu ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Hapa Stockholm alianzisha kampuni ndogo: yeye, kaka yangu Eliya na mimi. Tunang'oa jätteloka, gugu refu kuliko mtu, ambalo utomvu wake huunguza ngozi hadi ikatoka malengelenge. Wengine hulifyeka wakati wa kiangazi, nalo huchipua tena. Baba huliwahi mapema, theluji ikishayeyuka tu, akaukata mzizi chini ya udongo kwa jembe zito aliloagiza Kigoma. Likikatwa hivyo, limekufa!

Lakini kila tulipoomba zabuni ya manispaa tulikataliwa. Kampuni ndogo, hamna uzoefu, hamjui kuandika maombi. Ndipo tukaingizwa kwenye mpango wa ulezi, unaowapa wafanyabiashara wadogo kama sisi mtaalamu wa kuwaongoza. Tukapewa mlezi: mhandisi Mtanzania aliyekuja kusoma zamani akabaki. Nitamwita Sospeter.

Baba alifurahi mno! Mlezi anayezungumza Kiswahili! Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu Hagsätra, akala maharage na ugali wa Mama, kisha akatufundisha kupanga maombi. Zabuni tuliyoitaka ilikuwa ya kusafisha kingo za kijito kwa miaka kadhaa. Tukiipata, Baba angeacha kufagia ngazi za watu. Akamweleza Sospeter kila kitu: wakati wa kuanza, kina cha kukata, namna ya kuweka jembe.

Mimi roho haikutulia. Siku moja nikamuuliza Sospeter kama kampuni yoyote ya jamaa zake nayo itaomba. Akacheka hadi akakohoa.

"Binti, wewe ulipaswa kuwa polisi. Hata chai yangu unaihoji?"

Wote wakacheka. Alipoondoka nikamwambia Baba tumpe mkataba wa kutunza siri asaini. Lakini nilikuwa nimechelewa! Bosco, mchumba wangu, alikuwa anakuja na wazee wake kuniposa, na Baba alikwisha kumwomba Sospeter awe msemaji wa familia yetu. Kwetu baba hajisemei siku ya posa. Humchagua mtu anayemwamini kama nafsi yake.

"Mtu atakayeniazima mdomo wake mbele ya wakwe, nimsainishe karatasi?" Baba alifoka. "Unataka nimtukane?"

Ningefanya nini?

Wiki ile ile ya posa, matokeo yakatoka. Tumeshindwa! Nikapiga simu manispaa. Mama mmoja mpole akanieleza kwamba mshindi ni kampuni mpya yenye njia nzuri sana ya kukata mizizi mapema. Nikamuuliza mwenye kampuni ni nani. Akanitajia jina la mke wa Sospeter.

Nikampigia Sospeter hapo hapo. Hakukana! Alisema kukata mzizi si siri ya mtu, kwamba sisi tusingeshinda kamwe, na kwamba atampa Baba kibarua. Eti huo nao ni msaada!

Nilimsihi Baba aahirishe posa, au atafute msemaji mwingine. Alikaa kitandani, uso umemshuka.

"Wageni wanatoka Malmö na Oslo," akasema. "Niwaambie msemaji wangu ni mwizi? Wataniuliza ni nani aliyemchagua."

Basi Jumamosi tukajaa ukumbini Rissne. Msemaji wa upande wa Bosco akaanza utani: eti wamepotea njia, wakanusa pilau, wakaona waulize.

"Waliopotea huomba ramani," Sospeter akamjibu. "Nyinyi mbona mnaangalia sufuria?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Hata Baba alitabasamu, tabasamu la mtu anayeumwa jino. Kisha Sospeter akaweka mkono kifuani. Akasema familia hii haina mali ila ina uaminifu, na yeye ni shahidi, maana amekula mezani kwetu...

Uaminifu! Kinywani mwake!

Nilisimama. Nikasema kwa sauti kwamba huyu amekula mezani kwetu kisha akachukua kazi ya baba yangu, na kwamba Baba ajisemee mwenyewe. Nilimwangalia Baba. Aliinamisha kichwa.

Mjomba wa Bosco akauliza, "Bibi harusi anagombana kwenye posa yake? Huyu akija kwetu atatufanyaje?" Wakachukua makoti yao. Chakula kilibaki kimefunikwa. Bosco aliniandikia mara moja tu, kwamba wazee wake wamekataa. Nami najiuliza, yeye mwenyewe alikataa nini?

Lililoniumiza kuliko yote lilikuja baadaye. Baba hakunigombeza. Alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwa Sospeter kuomba radhi kwa niaba yangu! Sasa yeye na Eliya ni vibarua wake pale kijitoni. Baba bado anamwita ndugu. Nikimuuliza kwa nini, anasema Stockholm Waswahili ni wachache, hatuwezi kuwamaliza kwa ugomvi.

Je, nilikosea kusimama? Kila usiku nalijibu swali hilo tofauti.

Lakini hili silitilii shaka. Ndugu zangu mnaotafuta mlezi wa biashara, nawasihi: mumpende, mumheshimu, lakini asaini kwanza, siku ya kwanza, mkiwa bado mnaitana bwana na bibi. Mkishamwita ndugu, hamtaweza tena kumwomba saini... wala kumwambia ameiba.