Gari Lililoitwa Marehemu

Tabibu-chuma, roboti wa kukagua magari, aliteremka kutoka darini, akalikumbatia gari kwa mikono yake minane na kupenyeza mwale wa uchunguzi chini ya boneti. Hakuna karakana ya Dodoma iliyoruhusiwa kufanya kazi bila yeye.

"Eleza tatizo."

"AC imekufa," akajibu Mzee Masima. "Yaani gari zima limekufa."

"Pole kwa msiba. Gari limesajiliwa kuwa marehemu. Litasagwa."

Mzee akacheka, akidhani ni utani. Mara mnyororo wa kinu cha kusagia magari ukanasa gurudumu la nyuma. Kwa joto la miaka hiyo, sheria ilikataza gari lisilo na ubaridi kubeba abiria. Na mchana huohuo mkewe, Bi Tausi, alitakiwa kusafishwa damu hospitalini.

Mhandisi Nyemo, msimamizi wa karakana, akasimama kati ya gari na kinu. Mnyororo ukasimama, kwani kinu hakikuruhusiwa kusaga penye mtu.

"Ondoka, Mhandisi. Aliyekabidhiwa mali ametamka kifo."

"Ametamka Kiswahili! Kwetu kitu kikifa hutengenezwa."

"Na mume wangu akisema njaa inamuua," Bi Tausi akadakia kutoka kwenye benchi, "utamchimbia kaburi?"

Nyemo alikuwa amekwisha kufungua boneti. Akaunganisha vipimo kwenye mabomba mawili ya gesi, akawasha ubaridi. Umeme ulifika kwenye kompresa, chombo kinachoikandamiza gesi ili itoe joto nje. Lakini shinikizo la bomba la kuingilia lilikuwa sawasawa na la kutokea.

"Haisukumi. Mgonjwa ni mmoja, nanyi mnataka kuzika ukoo mzima!"

Akaivuta gesi yote mtungini, akafunga kompresa mpya, akabadili mipira ya maungio, akafyonza hewa mabombani, kisha akarudisha gesi. Upepo wa baridi ukampiga Mzee usoni.

"Panda, mke wangu," akasema, akimfungulia mlango.

Nyemo hakushangilia. "Tabibu, wangapi umewapa pole namna hii?"

"Wote waliotamka."

Nyemo akatazama barabarani. Wazee kwa watoto walikuwa wakitembea juani, vitambaa vilivyoloweshwa maji vichwani. Aliwaona kila siku. Hakuwahi kuuliza magari yao yalikwenda wapi.

Akauweka mkono wake juu ya kinu.

"Mimi niliyekabidhiwa kinu hiki, natamka: kimekufa."

Tabibu-chuma akaliachia gari, akakikumbatia kinu kwa mikono yake minane.

"Pole kwa msiba," akasema, akaanza kukifungua kinu, parafujo moja baada ya nyingine.