Alama Nyekundu ya Mzee Taratibu

Kila Jumamosi, wenzake wakiwa bado wanavuta shuka, Spana alikuwa ameshafagia uwanja na kuvaa ovaroli kuukuu la baba yake, miguu ikiwa imekunjwa mara tatu. Spana halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, ila ndilo lililomganda. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Ukimwuliza habari za wanasesere, alikutazama kana kwamba umemtukana. Lakini mwulize kabureta inafanyaje kazi, wee! Ungekaa hapo hadi chai yako ipoe.

Baba yake alikuwa mchomeleaji wa vyuma siku tano za juma. Siku ya sita aligeuka mtu mwingine kabisa. Alifungua banda la nyuma ya nyumba, akavuta turubai, na chini yake likaonekana gari dogo la mbio, la milango miwili, lililoundwa kabla yeye mwenyewe hajaoa. Alilipata likiwa gofu, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Kwa miaka minne alikuwa akilifufua. Alibadilisha springi, akalitia kabureta mbili mahali pa moja, akachomelea ekzosi mpya ya kutolea moshi kwa mkono wake. Alilipa jina la Bi Mkubwa. Mama alizoea kusema, "Mke mwenza wangu ni bati, na bado ananishinda kwa kupigwa sabuni," na baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Mtu wa tatu katika banda hilo alikuwa jirani yao, fundi wa malori aliyevuka miaka sitini. Watu walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila kulitaja neno hilo. Riziki yake ilitoka kwenye magari ya watu aliyotengeneza uani kwake, lakini kwa Bi Mkubwa alikuja kwa mapenzi tu.

Mzee huyo ndiye aliyeleta mtindo wa rangi. Walikuwa na spana ndefu ya kipimo, ambayo unaitega nguvu unayotaka, na nati au boliti ikikazwa kiasi hicho, spana inalia tak! Ukishaisikia tak, unachukua kichupa cha rangi ya kucha na kuipaka boliti mstari mmoja. Baba alikuwa na rangi nyeupe, Mzee nyekundu, na Spana, alipotimiza miaka kumi na mitatu, alipewa ya bluu. Vichupa vyote vilitoka kwenye meza ya mama, naye hakuviona tena.

"Taratibu, binti," Mzee alimwambia siku hiyo. "Rangi hii si pambo. Ukiipaka, umesema kwamba mkono wako ulikuwepo hapo na sikio lako limesikia."

Bluu iliruhusiwa kwenye viti na mifuniko. Breki na usukani vilikuwa vya nyekundu peke yake. Nyekundu ikishakuwapo, hakuna aliyeuliza tena.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, wenye magari ya zamani walikutana kwenye uwanja wa ndege ulioachwa, nje ya mji, wakayakimbiza kwa zamu. Aliyefika baada ya saa nne alisubiri mwezi mwingine. Mwezi ule Spana alikuwa na hamu kuliko siku zote. Dereva wa Bi Mkubwa alikuwa kaka yake, kijana wa miaka ishirini, ambaye alikuwa amefaulu mitihani yote ya kikosi cha zimamoto na alitakiwa kuripoti baada ya wiki mbili. Akiondoka, nyumbani hataonekana miezi sita. Hii ilikuwa zamu yake ya mwisho, na Spana alikuwa ameahidiwa kushika saa ya kupimia mwendo.

Asubuhi hiyo Mzee Taratibu alikuwa chini ya gari akifunga breki mpya za mbele. Upande wa kulia alimaliza. Upande wa kushoto alizianza kwa vidole zile boliti mbili zinazoshikilia breki kwenye gurudumu, na hapo hapo akasikia anaitwa. Mkewe alikuwa amesimama langoni bila viatu. Mjukuu wao alikuwa amepandisha homa kali, anarusha mikono na miguu.

Mzee alitoka mbio, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mlangoni aligeuka. "Spana! Hizo mbili za kushoto bado. Mwambie baba yako asiliguse gari hadi nirudi!"

Spana aliangalia saa. Ilikuwa saa tatu na robo. Baba na kaka walikuwa wamekwenda kujaza mafuta kwenye madumu. Mzee angerudi lini? Mtoto mgonjwa ni hospitali, na hospitali ni foleni. Spana aliingia chini ya gari. Spana ya kipimo ilikuwa ndefu, haikuingia vizuri pale kwa mtu asiyejua namna ya kuishika. Akachukua fupi ya kawaida. Ya kwanza aliivuta hadi mshipa wa shingo ukamsimama. Kwenye ya pili spana ilichomoka, ikamkwaruza vidole. Akaijaribu tena kidogo. Mara akasikia sauti za baba na kaka langoni.

Sasa sikiliza alichofanya, kwa maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Hakuchukua bluu. Alifungua kichupa chekundu cha Mzee, akapaka mstari kwenye boliti ya kwanza, akapaka na kwenye ya pili.

"Mzee yuko wapi?" baba aliuliza.

"Mjukuu wake anaumwa, amekimbia."

"Maskini! Breki ameshamaliza?"

"Amemaliza."

Baba aliinama, akamulika kwa tochi, akaona nyekundu kulia na nyekundu kushoto. "Haya, gurudumu lirudi, tuondoke."

Bi Mkubwa lilizunguka mara tatu, likinguruma hadi watu wakapiga miluzi. Spana alishika saa, akihesabu kila mzunguko kwa sauti. Mzunguko wa nne, kwenye kona ya mwisho, gari halikupunguza mwendo. Lilivutwa upande mmoja, kitu kikagonga ndani ya gurudumu kwa kishindo, kisha likaingia ubavu mzima kwenye ukuta wa zege wa jengo la zamani la abiria. Halafu pakawa kimya. Spana hakumbuki alivyoitupa ile saa. Anakumbuka kaka yake akipiga ukelele mara moja tu, na baba akivuta mlango usiofunguka.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, na goti likasagika. Daktari hakuzungusha maneno. Kijana atatembea, lakini hatapanda tena ngazi na mtu begani. Barua ya zimamoto ilikuja baada ya siku kumi. Walimpa pole, na nafasi yake wakampa mwingine.

Boliti moja ilikuwa imeokotwa uwanjani, ina mstari mwekundu. Baba aliipeleka kwa Mzee Taratibu akiwa ameikunja kwenye kiganja. Spana alimfuata nyuma kwa sababu miguu yake ilikataa kubaki.

"Hii ni rangi ya nani?" baba aliuliza.

Mzee aliigeuza boliti mara nyingi. "Ni yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mimi... niliwaambia bado. Au sikuwaambia? Siku ile kichwa chote kilikuwa kwa mtoto."

"Uzee umekufika, mzee wangu. Mwanangu amelala pale kwa ajili ya uzee wako. Usiguse gari langu tena, na ukinisikiliza, usiguse la mtu yeyote."

Maneno hayo yalimwingia Mzee hadi mfupani. Alikuwa na sababu ya kujitetea, lakini alikuwa na boliti mkononi yenye rangi yake. Alinyamaza. Spana naye alinyamaza, akiwa hatua mbili tu nyuma ya baba yake. Nikwambie ukweli, ule ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko rangi aliyopaka.

Wiki tatu zikapita. Habari zilizagaa mtaani, na wateja wa Mzee wakaanza kupungua. Nyumbani kaka alilala ameelekea ukutani. Kila jioni Spana alirudisha sahani jikoni ikiwa imejaa, na mama akadhani ni huruma kwa kaka yake. "Wewe mtoto una moyo laini," alimwambia, akampapasa kichwa. Spana alitamani kichwa hicho kikatike.

Alhamisi moja mama alimtuma kwa mke wa Mzee kurudisha sufuria. Mlangoni Spana alisimama kama aliyepigwa na kitu. Ubao wote wa mlango, kwa upande wa ndani, ulikuwa umeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wa kutetemeka: *Jiko nimezima. Bomba nimefunga. Dawa ya mtoto nimempa, saa mbili. Mlango wa uani nimefunga, nimeurudia kuuangalia.*

"Siku hizi anaandika kila kitu," mke wa Mzee alisema polepole. "Haiamini tena akili yake. Jana aliamka mara tano kuangalia jiko. Sasa anataka kugawa vifaa vyake."

Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, spana zake zote zimepangwa juu ya gunia kuanzia kubwa hadi ndogo. Spana alipiga magoti mbele ya lile gunia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndugu yako hajambo?"

"Babu, hukusahau." Machozi yalimtangulia maneno. "Ulisema mbili za kushoto bado. Ulisema baba asiliguse gari. Ni mimi. Nilizikaza kwa spana fupi, ya pili ikanishinda. Nikapaka rangi yako."

Mzee aliinyoosha spana moja iliyokuwa imekaa upande juu ya gunia. Kisha aliuliza swali la fundi. "Uliisikia tak?"

"Hapana, babu."

Mzee alisimama, akachukua kitambaa chenye maji, akaenda mlangoni. Alifuta mstari wa jiko. Akafuta wa bomba. Alifuta mistari yote, mmoja mmoja. Mkewe alipotaka kumsaidia, alimzuia kwa mkono.

"Wiki tatu," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Wiki tatu, binti, nilikuwa namhofia mjukuu wangu akilala kwenye nyumba ninayoilinda mimi. Umenikosea sana. Sitakudanganya kwamba sina hasira."

"Ndiyo, babu."

"Lakini umekuja kwa miguu yako. Sasa twende. Haya uliyoniambia mimi ni nusu. Nusu nyingine iko kwenu."

Kwenye chumba cha kaka, Spana alirudia yote mbele ya baba na mama. Safari hii hakulia. Mama alifunika uso kwa kanga. Baba aliketi sakafuni, kisha akamgeukia Mzee. "Nilimwuliza mtoto badala ya kukusubiri wewe. Halafu nikakutukana. Mzee wangu, nisamehe."

"Taratibu," Mzee alijibu. "Kwanza yule pale."

Wote walimtazama kaka. Alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Ungesema tu bado," alisema. "Tungekosa Jumamosi moja."

Hakusema zaidi, na hakumsemesha mdogo wake mwezi mzima. Spana alimpelekea maji ya kuoga kila asubuhi, akaondoka na ndoo bila kuambiwa asante, na hakumlaumu.

Baba alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kumsafisha Mzee jina, Spana akiwa ubavuni akieleza mwenyewe kwa mdomo wake. Magari yalianza kurudi uani kwa Mzee. Ilichukua muda, kwani neno baya lilikuwa limekwenda mbio kuliko Bi Mkubwa. Kaka alipata kazi ya kupokea simu za dharura kwenye kituo kilekile cha zimamoto. Siyo aliyoitaka, na akiona wenzake wanaruka kwenye gari, hugeuza uso.

Mwezi wa saba tangu ajali, baba alilivuta tena lile turubai. Walinyoosha ubavu, wakafunga breki mpya. Mzee Taratibu alimwita Spana chini ya gari, akamfundisha jinsi ya kuiingiza ile spana ndefu pale pembeni.

"Sikiliza nikwambie, binti," alisema, wamelala chali sakafuni, bega kwa bega. "Rangi haijawahi kukaza boliti hata moja. Baba yako hakuliamini lile gari, aliliamini neno langu, na wewe ukalitumia nisipokuwapo. Anayesema amemaliza kabla hajamaliza, mzigo wa uongo wake huenda kumwangukia mwingine, mara nyingi yule anayempenda. Neno 'bado' halijawahi kumvunja mtu mguu. Liseme bila aibu."

Kisha alitoka, akamwachia kazi. Ile boliti ya uwanjani ilikuwa imening'inizwa ukutani kwa waya, na mstari wake mwekundu.

Fimbo iligonga sakafu. Spana aliona viatu viwili vya kaka yake mlangoni, kimoja kimelalia upande.

"Vipi, tayari?" kaka aliuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na saa nne ilikuwa inakaribia. Spana alishusha pumzi.

"Bado."

"Bado nini?"

"Boliti moja. Ya kushoto."

Kaka alivuta kigoda cha Mzee, akaketi, akaunyoosha mbele ule mguu wake mbovu. "Basi ikaze," alisema. "Nakusubiri."