Ngamia wa Ngamiani

Ambwene alitoka Tukuyu. Alikwenda Tanga likizo, yeye na mama yake.

Safari ilikuwa ya mchana kutwa. Ambwene alikaa dirishani, na miguu yake haikutulia. Tipu-tipu, tipu-tipu.

"Mama, tumefika?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, Ambwene. Hapa ni Morogoro."

Wenyeji wao wa Tanga walikaa Ngamiani. Ambwene alilipenda jina hilo. Alilisema njia nzima. Ngamiani. Ngamiani.

Kabla ya safari alimwambia kaka yake, Lugano, "Naenda kuona ngamia."

Lugano alicheka. "Tanga hakuna ngamia. Ukirudi hujamwona, nitakuita Mama Ngamia. Mbele ya shule nzima."

"Nitamwona," alisema Ambwene.

Walifika usiku. Asubuhi, watoto wawili wa nyumba hiyo walisimama mlangoni. Mwantumu alishika baiskeli. Mdogo wake, Sefu, alikuwa na andazi mdomoni.

"Karibu Tanga," alisema Mwantumu. "Tukupeleke wapi?"

"Kwa ngamia."

Sefu aliacha kutafuna. "Ngamia gani?"

"Wa Ngamiani."

Sefu alicheka mpaka andazi likaanguka. "Hilo ni jina tu."

Ambwene hakucheka. "Sokoni kuna nini?"

"Soko."

"Mtoni?"

"Mto."

"Jikoni?"

"Jiko."

"Basi Ngamiani kuna ngamia."

Sefu alimtazama dada yake. Dada yake alimtazama Ambwene.

"Panda," alisema Mwantumu. "Tukamtafute."

Kriing-kriing, baiskeli ikaondoka. Mwantumu alisukuma, Ambwene alikaa nyuma, Sefu alikimbia pembeni.

*Tipu-tipu, twende, twende.*
*Ngamia yuko wapi?*

Barabara za Ngamiani zina namba. Walianza Barabara ya Kwanza. Walikuta paka.

Barabara ya Pili walikuta mbuzi amelala kwenye ngazi.

"Ana nundu?" aliuliza Ambwene.

Sefu alimpapasa mbuzi mgongoni. "Hana."

Barabara ya Tatu walimkuta fundi baiskeli.

"Shikamoo," walisema wote.

"Marahaba. Tairi limetoboka?"

"Hapana," alisema Ambwene. "Tunatafuta ngamia."

Fundi aliinua macho. "Wa rangi gani?"

"Sijui. Sijamwona bado."

"Haya. Nikimwona nitamwambia anatafutwa."

Ambwene alikwisha kuruka chini. Alikwisha kupanda tena.

*Tipu-tipu, twende, twende.*
*Ngamia yuko wapi?*

Walitoka Ngamiani, wakaingia mtaa mwingine.

"Hapa panaitwaje?" aliuliza Ambwene.

"Mabawa," alisema Sefu.

"Kuna mabawa?"

Pu-pu-pu-pu. Kuku aliruka juu ya ukuta.

"Yapo," alisema Ambwene. "Twende."

Wakaingia mtaa mwingine.

"Na hapa?"

"Majani Mapana."

Sefu aliokota jani la mti wa mkungu. Akaliweka kichwani kama kofia.

"Hilo dogo," alisema Ambwene. "Kwetu jani la mgomba linafunika watu wawili."

"Jani ni jani," alisema Sefu. Hakulivua.

Wakaenda mpaka mtaa mwingine tena.

"Na hapa?"

"Chumbageni," alisema Mwantumu.

"Kuna mgeni?"

"Yupo."

"Nani?"

"Wewe."

Ambwene alijitazama. Kweli, alikuwa mgeni. Akaruka kutoka kwenye baiskeli. "Mnaona? Majina yote ni ya kweli. Ngamia yupo. Turudi Ngamiani."

*Tipu-tipu, twende, twende.*
*Ngamia yuko wapi?*

Walirudi. Walitazama Barabara ya Nne. Walitazama Barabara ya Tano. Walichungulia uani kwa watu. Waliona nguo kwenye kamba. Waliona bata.

Jua lilipanda. Jani la Sefu lilinyauka.

"Dada, mwambie tu," Sefu alinong'ona. "Hakuna ngamia."

Sefu alinong'ona kwa sauti kubwa. Ambwene alisikia.

Miguu ya Ambwene ikatulia. Hakuna tipu. Hakuna twende.

Hapo ndipo Mwantumu alipoogopa. "Ambwene, unaumwa?"

"Lugano ataniita Mama Ngamia."

"Lugano ni nani?" aliuliza Sefu.

"Kaka yangu. Ataniita hivyo mbele ya shule nzima."

"Shule nzima?"

"Hata darasa la saba."

Sefu hakucheka safari hii. Alikaa chini karibu yake. "Mimi waliniita Sefu Sufuria. Mwaka mzima."

"Kwa nini?"

"Nilivaa sufuria kichwani. Ikakwama."

"Ilitokaje?"

"Kwa mafuta ya nazi," alisema Mwantumu. "Mama alilia, Sefu alilia, mimi nilishika miguu."

Ambwene alitabasamu kidogo. Kidogo tu.

"Twende tukanywe maji ya miwa," alisema Mwantumu. "Kwa Fundi Sudi, ni hapo tu."

Kwa Fundi Sudi palikuwa kwenye kona. Dada mmoja alizungusha mashine ya miwa. Grrr, grrr. Maji ya miwa yalishuka kwenye jagi.

Ambwene alitazama huku na huku. "Fundi Sudi yuko wapi?"

"Fundi Sudi?" alisema yule dada. "Alihamia Korogwe. Mimi sikumkuta."

"Mbona panaitwa Kwa Fundi Sudi?"

"Alikuwa akishona hapa. Watu wamezoea. Nimeandika jina langu pale juu, Asha Miwa, hakuna anayelisema."

Ambwene alishika glasi yake. Hakunywa. Alifikiri.

Tipu.

"Fundi ameondoka," alisema polepole. "Jina limebaki."

"Ndiyo," alisema dada wa miwa.

Tipu-tipu.

"Basi ngamia naye aliondoka. Jina likabaki."

Sefu aliweka glasi chini. "Alihamia Korogwe?"

"Labda," alisema Ambwene.

"Wanasema zamani ngamia walikuwepo," alisema dada wa miwa. "Nao sikuwakuta. Nikuongezee ndimu?"

Tipu-tipu, tipu-tipu. Ambwene alikunywa maji ya miwa yote, mpaka povu.

Jioni simu ililia. Alikuwa Lugano.

Mwantumu alikuja kusikiliza. Sefu alisogeza sikio mpaka likagusa simu.

"Haya," alisema Lugano. "Umemwona ngamia?"

"Hayupo," alisema Ambwene.

"Ha. Mama Nga—"

"Ngoja. Alikuwepo, akahama. Jina lake limebaki."

"Uongo."

"Lugano, pale kwetu tunaposhuka kwenye gari panaitwaje?"

"Mashineni."

"Umewahi kuona mashine pale?"

Walimsikia Lugano akipumua.

"Kuna duka la mbolea," alisema.

"Mashine je?"

"Sijawahi kuiona."

"Basi," alisema Ambwene.

Kisha Lugano akasema, "Ile mashine ilikwenda wapi?"

"Ulizia," alisema Ambwene. "Mimi nimeshamuulizia ngamia wangu."

Lugano hakusema Mama Ngamia. Sefu alijifunika mdomo kwa mikono miwili ili asicheke.

Baada ya chakula walitandika mkeka barazani. Ambwene alichagua kona, karibu na mlango. Kutoka hapo aliona barabara yote.

"Kesho twende wapi?" aliuliza. "Twende bandarini. Twende stesheni. Twende..."

Hakumaliza. Alilala. Miguu yake ililala pia.

Sefu alitaka kupita ili achukue mto wake.

"Usipite hapo," alisema Mwantumu.

"Hapo wapi?"

Mwantumu alifikiri. "Hapo Kwa Ambwene."

Sefu akazunguka upande wa pili, kwa ncha za vidole.

Walikwenda bandarini. Walikwenda stesheni. Walikwenda mahali pengi, tipu-tipu, twende, twende. Halafu likizo ikaisha, na Ambwene akarudi Tukuyu na mama yake.

Shule zilifunguliwa. Asubuhi ya kwanza Sefu alitafuta viatu. Alitafuta chini ya kitanda. Alitafuta nyuma ya mlango.

"Dada, umeona viatu vyangu?"

"Viko Kwa Ambwene," alisema Mwantumu.

Mama alikuwa na haraka. Hakuuliza Kwa Ambwene ni wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya baraza, akarudi na viatu.