Noti Kubwa za Babu wa Besi

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kuosha vyombo, Mbishi aliketi na kaka yake mbele ya kompyuta ya shangazi yao, mwalimu wa kwaya. Kazi yao ilikuwa kunakili nyimbo. Katika programu yao, noti za muziki haziburutwi kwa kipanya. Unaziandika kwa herufi, kisha kompyuta yenyewe inazichora kwenye mistari.

Siku hiyo walimsikia shangazi akizungumza kwa simu kuhusu mzee wa kwaya aliyeimba sauti nzito, ya besi. "Babu wa Besi haoni tena noti. Kwenye tamasha atakaa na wasikilizaji."

Mbishi aliinuka. "Shangazi, kwa nini tusimkuzie noti?"

"Nyimbo zote hizo, mwanangu? Tamasha ni Jumamosi. Hutaweza."

"Niwie radhi, shangazi, lakini nitazikuza."

Kaka yake alicheka. Juu ya kila wimbo walikuwa wamebandika mipangilio ya ukurasa: upana wa pambizo, ukubwa wa noti na kadhalika. "Utabadilisha mmoja mmoja mpaka uote mvi."

Mbishi alijaribu. Nyimbo chache tu, na tayari kurasa zilikuwa hazifanani. Huku amesahau pambizo, kule amekosea namba.

"Si nilikuambia?" kaka alisema.

"Uliniambia ni ngumu. Hukuniambia haiwezekani."

Akaifuta mipangilio kwenye nyimbo zote, akaiandika mahali pamoja, kwenye faili lake lenyewe. Juu ya kila wimbo akaacha mstari mmoja tu wa kuliita faili hilo. Kisha akaandika faili la pili, la noti kubwa. Wimbo ukiita la kwanza, unatoka kwa ajili ya kwaya. Ukiita la pili, unatoka kwa ajili ya Babu.

Ukurasa wa kwanza wa Babu ulitoka maneno yamekanyagana. Kaka akapiga makofi kwa kejeli. Mbishi alirekebisha namba moja kwenye faili la pili, na nyimbo zote zikanyooka kwa mpigo.

Kaka akavuta kiti. "Hebu nionyeshe."

Siku ya mazoezi, Mbishi alimkabidhi Babu karatasi zake mbele ya kwaya nzima. Shangazi akakunja uso. "Nilisema nini?"

"Ulisema sitaweza, shangazi."

Babu akazitazama karatasi, akakohoa, akaimba. Sauti yake ikatetemesha vioo vya madirisha.

"Na mjue," alisema alipomaliza, "hata mngenikalisha na wasikilizaji, ningeimba huko huko!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, kisha akamshika Mbishi bega.

"Wanangu, nilitaka kumwacha mtu kwa sababu ya udogo wa noti. Nilikosea. Ubishi wa mdomo ni kelele tu, lakini ubishi unaokunja mikono ya shati ukafanya kazi, huo ni msaada. Na kazi ikipangwa vizuri mwanzoni, haikuchoshi kila siku. Babu, rudi mahali pako."

Babu alikuwa ameshafika kwenye safu ya besi.